Sura ya Sita: Nilitoboa, Nisamehe

Mtu akishakiri, mpelelezi anabaki na kazi ya kubeba vielelezo tu. Ndivyo alivyojiambia Mkaguzi Msaidizi Winfrida siku ile ya Alhamisi, akiwa amekaa nyuma ya pikipiki ya Yunusi, mtandio kaufunga puani kwa ajili ya vumbi, wanaitafuta Mkotokuyana, kijiji cha wilaya jirani ya Nachingwea. Mtuhumiwa alikuwa ndani, kituoni Ruangwa. Alikuwa ametamka kwa kinywa chake mwenyewe. Kilichobaki ni kipande cha nondo alichosema kiko nyumbani kwa baba yake, na kesho yake angepandishwa mahakamani.

Kesi yenyewe ilikuwa imekichafua kijiji kizima cha Nkowe, wilayani Ruangwa. Msimu wa kupuliza mikorosho ndio kwanza ulikuwa unaanza na salfa ya wakulima, ule unga wa njano wa dawa, imeshushwa ghalani, mara alfajiri ya Jumanne mtu akavunja mlango, akaondoka na mifuko. Mlinzi wa ghala, Mzee Twaha, alipigwa chuma cha kichwa. Yuko hospitali mpaka leo, anafungua macho lakini hamtambui hata mkewe. Shahidi alikuwa mmoja tu, Bi Mwanabibi, jirani wa ghala, aliyekuwa uani anatawadha. Hakuona mtu. Alisikia pikipiki. "Ina makelele hiyo, mwanangu," alimwambia Winfrida, "utadhani mtu anapasua debe kwa shoka."

Ijumaa yake, siku ya gulio, akaingia Nkowe kijana wa Kisukuma aitwaye Luhende na madumu yake ya maziwa, pikipiki inanguruma mpaka mbuzi wa watu wanakata kamba. Yunusi, ambaye ni mgambo wa kata, ndiye aliyepaza sauti kwanza: "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!" Winfrida alifika mbio, akamtia pingu palepale, akamzungusha gulio zima ili wakulima wamwone mwizi wa salfa yao. Watu walimpigia makofi. Na tuseme kweli, makofi yale yalimkolea.

Kisha akaifungua simu ya kijana. Ujumbe aliomtumia rafiki yake Jumanne ileile mchana ulimaliza ubishi wote: *Mwanangu nimetoboa. Ijumaa Nkowe watanisikia.*

Ametoboa! Nani asiyelijua neno hilo siku hizi? Kijana akipata, akiukimbia umaskini, redio zote zinasema katoboa. Na huyu katoboa siku ileile ghala lilipovunjwa. Mahojiano yake yalikuwa mafupi, chai ya Winfrida haikuwahi kupoa.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Najua, afande."

"Ulitoboa?"

"Nilitoboa, afande. Nisamehe. Naomba tu baba asijue."

"Mlikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Ulitumia nini?"

"Nondo."

"Iko wapi hiyo nondo?"

"Nyumbani. Nyuma ya zizi."

Alipokuja kusomewa kosa la wizi na kujeruhi, ndipo kijana alipogeuka. Ghala gani? Mzee gani? Akalia mpaka kamasi zikamtoka. Winfrida hakushtuka. Wote hugeuka wakishausikia uzito wa kosa. Akamrudisha mahabusu, akamsahau huko hadi muda unaoruhusiwa na sheria ukapita, naye akaupita kimyakimya.

"Huyu dogo kaisha, afande," Yunusi alisema kwa juu ya bega wakati wanakata kona. Gari la kituo lilikuwa gereji, na Yunusi alikuwa amejitolea pikipiki yake tangu kesi ianze. "Na hao wenye nyumba ni wezi walewale. Tukitoka hapo tuwaambie na ng'ombe wao warudi walikotoka. Ila mguu, afande, mguu! Usiguse ekzosi, ni mpya hiyo, inaunguza vibaya."

Winfrida akausogeza mguu.

Mji wa Mzee Ndalahwa, baba yake Luhende, ulikuwa mwisho wa njia ya ng'ombe: nyumba za udongo zilizofagiliwa, zizi la miti, harufu ya maziwa na mavi makavu. Winfrida alikuwa amejiandaa kwa matusi. Wazazi wa wezi anawajua, hawa wanapiga kelele, hawa wanazimia. Lakini mama mwenye nyumba, Rahabu, alimpokea kwa kupiga goti chini kabisa, na Mzee Ndalahwa akavua kofia.

"Karibu, mayu," alisema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, mama. "Tumekosa. Ninajua kilichokuleta."

"Unajua?"

"Mtoto ametuaibisha. Walioleta habari walisema amefungwa kwa ajili ya pikipiki. Nilimkataza, mayu. Nilimwambia hii pikipiki ni ya kubebea maziwa, sio ya ngoma. Masikio yake yameziba."

Winfrida alitaka kuuliza, lakini mzee alikwisha kwenda nyuma ya zizi. Alirudi ameshika kipande cha nondo kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi, akakilaza juu ya kigoda. Pembeni yake akaweka kitu kingine: kibomba kifupi chenye matundu matundu, kimeliwa na msumeno upande mmoja, kimejaa masizi.

"Na hili ndilo la tumboni," mzee alisema. "Alilikata, akalitoa."

"La tumboni mwa nini?"

Ndalahwa alimtazama, halafu akamtazama mkewe, akidhani labda Kiswahili chake ndicho kilichomwangusha. "La ekzosi, mayu. Si ndilo mlilomfungia? Kwamba ametoboa ekzosi?"

Mungu wangu.

Winfrida aliinama juu ya kigoda, akaigeuza ile nondo kwa kalamu. Hakukuwa na damu wala unywele. Ncha ilikuwa nyeusi na kijanikijani, rangi ya chuma kilichoingizwa kwenye makaa mara nyingi. Kijana aliipasha moto, akaisukuma ndani ya ekzosi kuvunja vile vyumba vya ndani vinavyomeza kelele, na kilichogoma kuvunjika akakikata kwa msumeno. Kazi ya mtu asiye na vifaa, iliyofanywa nyuma ya zizi la baba yake.

"Alitoboa lini?"

"Jumanne," alidakia Rahabu. "Siku ya chanjo. Ng'ombe wamesimama vizuri, bwana mifugo anawachoma, mara mtoto anaiwasha. Lo, mayu! Walivunja zizi lote, wakaenda kwenye mbaazi za watu. Mpaka jioni tunazungukia majirani kuwaomba radhi."

"Huyo bwana mifugo ni nani?"

"Masoudi. Wa Nachingwea."

Winfrida alisogea kando, penye mtandao kidogo, akampigia. Masoudi alikuwa mtu wa kucheka.

"Jumanne? Luhende ndiye aliyenifuata mjini, afande. Jua halijatoka, kaja kunigongea. Mimi nilikuwa sijaswali hata."

"Mlikuja mnaongea njiani?"

"Njia nzima! Alikuwa ananihadithia habari za mchumba."

"Na mlikuwa mnasikilizana?"

"Sasa kwa nini tusisikilizane?"

"Pikipiki haikuwa na kelele?"

"Asubuhi? Haikuwa na kelele hata kidogo. Kelele kaianza mchana, baada ya kutoboa, na nusura dume linivunje mguu. Kwani kuna nini, afande?"

Winfrida alikata simu. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe na hayakuhitaji akili kubwa. Alfajiri ile, wakati Bi Mwanabibi anasikia debe linapasuliwa Nkowe, Luhende alikuwa wilaya nyingine, juu ya pikipiki isiyo na kelele. Ekzosi yake ilikuwa nzima bado. *Nimetoboa*, aliandika mchana, maana yake alfajiri alikuwa hajatoboa. Neno alilomfungia lilikuwa linamtetea, na lilikuwa mikononi mwake wiki nzima.

Mwezi ule walikuwa wameendesha msako wa pikipiki za kelele. Kijana alidhani amekamatwa kwa hilo. Na yeye Winfrida, mtu mzima mwenye nyota begani, katika mahojiano yale yote hakutamka neno *ghala* hata mara moja. Alikuwa na swali moja tu la kuuliza: ulitoboa *nini*? Hakuliuliza, kwa sababu jibu aliloingia nalo lilikuwa tamu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alitamani kurukia pikipiki aondoke bila kuaga.

Alirudi kwenye kigoda.

"Mzee, Luhende hakufungwa kwa ajili ya ekzosi. Alifungwa kwa wizi wa salfa, na kumpiga mlinzi."

Ndalahwa alirudisha kofia kichwani. "Mwanangu hajaiba."

"Najua. Nimejua sasa hivi."

"Na watu walimwona anafungwa?" Rahabu aliuliza.

"Walimwona, mama."

"Wengi?"

"Gulio zima."

Rahabu alivuta khanga akafunika uso. Hakupiga kelele. Winfrida angeshukuru kama angepiga.

Ikabaki pikipiki. Kama ya kelele haikuwa ya Luhende, basi Nkowe kulikuwa na nyingine, na leo haisikiki. Nani aliyepaza sauti kwanza pale gulioni? Nani aliyekuwa na haraka hiyo? Winfrida aligeuza macho taratibu kwenye kivuli cha mkorosho, alipokuwa Yunusi anachezea simu. Pikipiki yake ilikuwa kuukuu ya kutupwa: kiti kimetiwa kiraka cha mpira wa tairi, tangi limeota kutu, taa ya nyuma imefungwa kwa waya. Ekzosi peke yake ndiyo iliyokuwa inang'aa, nyeusi, ya kiwandani, na rangi yake haijaanza hata kubabuka.

"Yunusi. Hii ekzosi umefunga lini?"

"Kitambo, afande."

"Si umeniambia ni mpya?"

"Mpya, yaani… ya juzijuzi."

"Ya kitambo au ya juzijuzi?"

Yunusi akacheka. "Afande na wewe! Ile ya kwanza ilioza."

"Kakufungia nani?"

"Fundi tu. Nachingwea pale. Jina limenitoka."

"Tutapitia."

"Afande, jua lenyewe hili, na mafundi pale wako wengi—"

"Tutawauliza mmoja mmoja."

Haikuhitajika. Walipoingia tu kwenye uchochoro wa mafundi wa pikipiki mjini Nachingwea, mtu mmoja mnene mwenye ovaroli alitoka kibandani akipunga spana.

"Yunusi! Hebu njoo uchukue takataka yako! Wiki sasa nakupigia simu hupokei!"

Huyo alikuwa Agapiti, na alikuwa na hasira za siku nyingi. Winfrida alishuka, akamsalimia, akamwomba aione hiyo takataka.

"Umetumwa na Mungu, afande. Huyu kaja Jumanne saa za asubuhi, anataka ekzosi nyingine haraka haraka, ananiachia hii eti nitupe. Mimi nikasema bati bado zuri, nitalichomelea nimuuzie mwingine. Kugusa moto tu, he! Moshi ukatoka, tukakimbia kibanda wote. Macho yanawaka, kifua kinabana. Wateja wamehama kwangu kwa harufu."

Aliiburuta kwa mguu kutoka nyuma ya matairi. Mkia wake ulikuwa umekatwa na vya ndani vyote vimetolewa. Kelele yake Winfrida aliweza kuisikia hata ikiwa imelala. Lakini hakutazama mkia. Upande wa juu, pale ambapo mzigo wa nyuma hulalia, kulikuwa na ukoko mgumu, wa njano uliokolea hudhurungi. Alichuchumaa, akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Kila mtu aliyekulia kusini anaijua harufu hiyo tangu mtoto.

Mfuko ulining'inia vibaya, ukalalia bati la moto, ukatoboka. Salfa ikayeyuka ikagandia. Ekzosi ikaanza kunuka wizi kila ikipata moto, na mwenye nayo akalazimika kuiacha.

"Agapiti, usiiguse tena. Na usiende popote." Akasimama. "Yunusi, Mzee Twaha ulimpiga na nini?"

Yunusi alitazama uchochoro, akatazama watu waliokwisha kusogea. Sauti yake iliposhuka ilikuwa ya kirafiki kabisa.

"Afande, tuongee kama watu wazima. Nondo unayo. Maelezo ya dogo unayo, kasaini. Kesho anapanda, keshokutwa wewe unapanda cheo, mchongo umekaa vizuri. Ukinishika mimi utamwambia nini mkuu wa kituo? Kwamba wiki nzima umezungushwa na mwizi mwenyewe, umemshika kiuno? Watakucheka mpaka Lindi."

Lilikuwa kweli, kila neno. Na kwa kitambo kidogo, na hili ndilo lililokuja kumkosesha usingizi kuliko mengine yote, Winfrida alilipima. Alijiona kabisa anapanda tena nyuma ya ile pikipiki, nondo imefungwa kwenye gazeti, mtandio puani.

"Watacheka," alisema. "Geuka."

Yunusi hakugeuka. Winfrida akamgeuza mwenyewe, akamfunga, Agapiti akazuia njia kwa tumbo lake mpaka askari wa Nachingwea walipofika. Ndipo Yunusi alipolegea, akasema bila kuulizwa mara ya pili: ilikuwa spana ya gurudumu, na mzee hakutakiwa kuamka usingizini. Jioni ileile mifuko ya salfa ilitolewa kwa shemeji yake, kijijini Nandagala, chini ya mabua ya mtama.

Asubuhi ya Ijumaa Winfrida alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu.

"Luhende, toka. Huna kosa."

Kijana alikuwa amekaa ukutani, magoti kifuani. "Baba ameshajua?"

"Ameshajua."

"Ya ekzosi?"

"Ya yote."

Luhende akainamisha kichwa. "Basi niacheni hapahapa, afande. Nitapita wapi? Nkowe ndiko ninakouza maziwa. Nani atakunywa maziwa ya mwizi?"

Alitoka kwa sababu baba yake aliingia kumfuata. Mzee Ndalahwa alikuwa amekuja na basi la alfajiri, na shati safi kwa ajili ya mwanawe. Pale kaunta, mbele ya koplo wa zamu, Winfrida aliunyoosha mkono.

"Baba, naomba radhi. Nimekukosea sana."

Mzee aliutazama mkono bila kuushika. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anatafuta maneno kwenye lugha isiyo yake.

"Mayu, radhi hii umeiomba humu ndani. Kuta zimesikia. Mwanangu ulimfungia wapi?"

"Gulioni."

"Leo ni gulio."

Mkuu wa kituo alisema hapana, ataandika taarifa ibandikwe ofisi ya kata, inatosha, jeshi haliombi radhi kwenye nyanya. Winfrida alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga saluti, akaenda kutafuta gari la kukodi.

Nkowe ilikuwa imejaa. Gari lilisimama penye wauza samaki wakavu. Luhende alikataa kushuka. Alikuwa amelivuta lile shati safi mpaka usoni, amejificha ndani yake. Ndalahwa akashuka na fimbo yake, akasimama kando, akasubiri.

Winfrida aliingia katikati ya watu. Wakamtambua, wakaanza kumsogelea, na baadhi walikuwa wanatabasamu, maana mara ya mwisho aliwaletea mwizi. Bi Mwanabibi alikuwa mbele kabisa na kikapu chake.

"Ndugu wananchi," alianza, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya taarifa za kituo. "Kufuatia upelelezi, imebainika kwamba kijana aliyekamatwa hapa wiki iliyopita alikamatwa kimakosa, na imeonekana kwamba—"

"Ngoja, mayu!"

Mzee Ndalahwa alikuwa ameinua fimbo.

"Kiswahili changu kidogo," alisema kwa nguvu, wote wasikie. "Huyo Imebainika ni nani? Ndiye aliyemfunga mwanangu?"

Kicheko kikapasuka upande wa wauza mitumba, kikaenea, halafu kikafa chenyewe, maana mzee hakuwa anacheka. Alikuwa anauliza. Gulio likanyamaza mpaka wakasikika kuku waliofungwa miguu.

Winfrida aliwatazama watu wale ambao alikuwa ameyapenda makofi yao. Machozi yalimlenga, akayaacha.

"Hapana, baba," alisema. "Hakuna mtu anayeitwa hivyo. Ni mimi. Mimi Winfrida ndiye niliyemfunga Luhende, nikamtembeza hapa mkamwona, na sikumuuliza hata swali moja la maana. Hajaiba kitu. Mwizi ni mtu niliyekuwa natembea naye."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwanabibi aliweka kikapu chini, akashika kiuno, akamtazama Winfrida juu mpaka chini, kisha akapita pembeni yake kwenda kwenye gari.

Ndalahwa alikuwa amekwisha kutangulia. Aligonga kioo kwa ncha ya fimbo.

"Shuka, baba," alimwambia mwanawe. "Aliyekufunga amejitaja."

Luhende akalishusha shati usoni, akashuka.